Radi na mikutano ya nje Bukavu: namna ya kusoma data ya dhoruba na kujua dakika ya kusimamisha

Kabla ya arusi, mechi, kampeni ya injili au defile, kila mwandalizi anauliza: leo mvua itanyesha? Swali hilo halimfikishi mbali. Mvua inalowesha, radi inaua, na radi inaweza kupiga kabla tone la kwanza halijaanguka. Swali lenye kazi ni hili: watu wangu wanahitaji dakika ngapi kufika mahali salama? Ukishalijibu kwa namba, ndipo ramani ya radi kwenye simu inakuwa na maana. Bila namba hiyo utaangalia alama zikisogea mpaka ziwe juu ya kichwa chako.

Sisi wa Kivu tuna sababu ya kulishika jambo hili kwa uzito. Uchunguzi wa mimweko iliyohesabiwa na setilaiti ya TRMM kati ya 1998 na 2013 uliweka sehemu iliyopewa jina la Kabare kuwa ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi: mimweko kama 205 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Duniani kote ni ziwa Maracaibo la Venezuela tu lililoipita, kwa 233. Kitovu chenyewe kiko msituni, nyuma ya milima ya Kahuzi, si katikati ya mji. Hata hivyo Bukavu iko pembeni yake. Msimu wa mvua unaanza Septemba na kwenda hadi Mei, kwa hiyo tarehe 8 Machi, Pasaka, siku ya walimu ya 30 Aprili na 1 Mei zote zinaanguka ndani yake. Tarehe 30 Juni kwa kawaida inakuta kiangazi kimeshaanza.

Hesabu dakika za watu wako kwanza

Fanya hesabu hii siku kadhaa kabla, ukiwa kiwanjani, na daftari mkononi.

Tuseme ni kampeni ya watu 1,200 kwenye kiwanja cha shule, na madarasa ya saruji yako mita 250 kutoka jukwaani. Kuamua, kumfikia mwenye maikrofoni na kutangaza: dakika 3. Kutembea mita 250 pamoja na wazee na watoto, kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde: dakika 4 na kitu, weka 5. Halafu milango. Darasa la mita 7 kwa 8, madawati yakiwa yamesukumwa pembeni, linapokea watu 80 waliosimama, kwa hiyo unahitaji madarasa 15. Mlango wa darasa ni mwembamba, na anayeingia anapenda kusimama palepale mbele, hivyo usihesabu zaidi ya watu 40 kwa dakika. Kama umegawa umati, kila sehemu ya kiwanja na darasa lake, kila mlango unamaliza kazi kwa dakika 2. Kama hukugawa, nusu ya watu watakimbilia milango mitatu iliyo karibu: watu 600 kwa milango mitatu ni dakika 5 za kusukumana, na vyumba vya mwisho vinabaki vitupu. Chukua hesabu mbaya: 3 + 5 + 5, jumla 13. Andika 15.

Sasa geuza dakika kuwa kilomita. Dhoruba nyingi zinasafiri kwa kilomita 20 hadi 50 kwa saa. Ukiwa hujapima ya siku hiyo, anza na 30, yaani nusu kilomita kila dakika. Unachotaka ni kwamba radi inapofika kilomita 10, mtu wa mwisho awe ameshaingia. Ongeza pia uzee wa data: picha ya setilaiti unayoiona saa hii inaweza kuwa na umri wa dakika 15. Kwa hiyo:

kilomita 10 + (dakika 15 za watu × 0.5) + (dakika 15 za data × 0.5) = kilomita 25.

Hiyo ndiyo alama yako ya kusimamisha. Kwa umati wa uwanja kama Concorde ya Kadutu, ambapo kutoka na kutawanyika kunaweza kula dakika 30, hesabu ileile inakupa kilomita 32 na nusu. Weka 35. Kwa arusi ya watu 60 bustanini, ukumbi ukiwa hatua chache, watu wanahitaji dakika 5, na hapo sikio linatosha: ngurumo inasikika hadi kama kilomita 15, haichelewi kama data, na wewe unahitaji kilomita 12 na nusu tu. Kwa umati mkubwa, mtu anayengoja kusikia ngurumo amechelewa tayari, hata akiwa makini namna gani.

Chora duara tatu

Fungua ramani kwenye simu, weka alama kwenye kiwanja chako, kisha pima. Duara la kwanza ni la kuangalia: ongeza kilomita 15 juu ya alama yako ya kusimamisha. La pili ni la kusimamisha. La tatu ni kilomita 10: radi ikiwa humo, hakuna mtu nje.

Ukiwa katikati ya Bukavu, duara la kilomita 25 linapita karibu na Kavumu upande wa kaskazini, karibu na Walungu upande wa kusini-magharibi, na mashariki linafika karibu na ukingo wa msitu wa Nyungwe ng'ambo ya Rwanda. Nyangezi iko ndani yake. Kamembe iko ndani hata ya duara la kilomita 10. Majina haya yana faida kuliko mstari kwenye skrini, kwa sababu kote huko kuna watu wenye simu. Tafuta mtu Kavumu, mmoja Walungu, mmoja Nyangezi na mmoja Kamembe, na mkubaliane ujumbe mfupi: "RADI, saa, upande". Mtu wa namna hiyo anakupa habari ya dakika hiyohiyo, na hapa kwetu tunamtegemea kuliko programu yoyote. Mpe yunite za kutosha, na mwambie atume SMS, kwa sababu intaneti ndiyo inayozimika kwanza dhoruba ikianza.

Usitazame Kahuzi peke yake. Wengi wanafanya hivyo kwa kuwa mawingu yanajenga pale kila mchana na yanaonekana vizuri. Lakini upepo wa juu katika ukanda wetu mara nyingi unavuma kutoka mashariki kwenda magharibi, hivyo dhoruba ya Kahuzi inaweza kuondoka na kukuacha, wakati ile iliyozaliwa upande wa Nyungwe inakuja kwako ikiwa imefichwa na vilima vya Rwanda. Bukavu ni mji wa mabonde. Ukiwa chini huoni upeo wa macho, na wingu linatokea juu ya kilima likiwa karibu tayari. Weka mtazamaji mmoja mahali pa juu penye paa imara, kamwe si kwenye kilele cha wazi.

Data gani, na kila moja inakosea wapi

Utabiri wa kompyuta ni wa siku moja au mbili kabla. Programu ya Windy inakuonyesha bure GFS na ECMWF, mifumo miwili mikubwa ya utabiri. Tazama mvua ya saa kwa saa, na tazama CAPE, yaani nguvu iliyo hewani inayoweza kuinua mawingu. Ikipita 1,000 mchana, pamoja na unyevu mwingi, panga kana kwamba radi itakuja. Kosa lake ni ukubwa wa vyumba vya hesabu: data ya GFS iko katika miraba ya nyuzi 0.25, karibu kilomita 28 kila upande. Ziwa, Bagira, Kadutu na mlima vinaweza kuingia katika mraba mmoja au miwili. Utabiri huo hauwezi kukuambia kwamba Panzi itapigwa na Muhumba itaachwa. Utumie kuchagua saa ya kuanza na idadi ya walinzi, uishie hapo.

Picha za setilaiti ndizo macho yetu makuu, kwa maana mwandalizi wa Bukavu hana rada ya hewa ya kufungua kwenye simu. Setilaiti ya kwanza ya kizazi cha tatu cha Meteosat ilirushwa 13 Desemba 2022. Inapiga picha ya Afrika yote kila dakika 10, na inabeba chombo cha kuona mimweko ya radi mchana na usiku. Vyote vinaonekana bure kwenye EUMETView, ukurasa wa shirika la Eumetsat. Fungua tabaka la infraredi (linaloonyesha baridi ya kilele cha wingu: cheupe zaidi ni baridi zaidi) na juu yake tabaka la mimweko, kisha rudisha picha nyuma kwa saa moja na uziendeshe mbele.

Kuna makosa matatu yanayorudi kila mara hapa. La kwanza ni saa. Picha zinaandikwa kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na Bukavu iko saa mbili mbele: picha ya 12:00 ni saa 8 mchana (14h00) kwetu. Mtu anayesahau hili anaona picha ya sasa akadhani ni ya saa mbili zilizopita. La pili ni kuogopa kila kilicho cheupe. Juu ya dhoruba kubwa linatandaza wingu pana la barafu ambalo linaweza kufunika Kivu nzima saa nyingi baada ya radi kwisha. Tafuta mahali panapobadilika upesi: kitone kidogo chenye ncha kali kilichopoa sana ndani ya picha mbili au tatu. Hicho kinakua. La tatu ni kupima mwendo kutoka katikati ya wingu. Pima kutoka ukingo wa mbele wa mimweko, kwa picha mbili zilizoachana dakika 30. Umbali huo mara mbili ndio mwendo kwa saa. Ukipata 45 badala ya 30, rudia hesabu yako papo hapo. Duara la kilomita 25 linakuwa 32 na nusu.

Chombo cha mimweko hakitofautishi radi iliyopiga ardhi na ile iliyobaki mawinguni. Usihangaike na hilo, kwa sababu wingu linalomweka ndani linaweza kupiga chini dakika inayofuata. Jua tu kwamba mwanga wa mchana unaficha mimweko dhaifu, na kila alama ni eneo la kilomita kadhaa, haionyeshi mti uliopigwa.

Halafu kuna ramani za vipokezi vya redio vilivyo ardhini, kama Blitzortung na LightningMaps. Zinapendwa kwa sababu alama zinaonekana baada ya sekunde chache. Vipokezi hivyo ni vya watu wa kujitolea. Ulaya ni vingi, Afrika ya kati ni vichache na viko mbali. Radi nyingi za kwetu hazinaswi kabisa, na zilizonaswa zinaweza kuwekwa mahali pasipo pake. Kanuni ni nyepesi: ramani hiyo ikionyesha radi, iamini, isipoonyesha kitu, usiamini kwamba hakuna. Programu za simu zinazotuma tahadhari ya radi zitendee vivyo hivyo, mpaka umezilinganisha na masikio yako kwa msimu mzima.

Hakuna data yoyote inayokuonya juu ya dhoruba inayozaliwa juu yako. Wingu linaweza kutoka kuwa rundo jeupe hadi kutoa radi ndani ya nusu saa, bila kusafiri popote. Kwa hiyo mtazamaji wa kilimani ana haki ya kusimamisha mkutano kwa kuona tu wingu lenye kitako cheusi linalopanda haraka karibu, hata simu zikiwa kimya.

Na sikio libaki kazini. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo na ugawe kwa 3, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Msikilizaji asikae karibu na sono wala gurupu ya umeme: hatua 200 mbali, nyuma ya jengo, ndipo anaposikia.

Siku yenyewe

Kama unaweza kuchagua, anza saa 2 asubuhi (8h00) na umalize kabla ya saa 7 (13h00). Dhoruba za nchi kavu hapa zinapenda mchana na jioni. Juu ya ziwa mambo yanageuka: radi za usiku na za alfajiri ni za kawaida, kwa hiyo sherehe ya ufukweni ya asubuhi nayo inahitaji mtazamaji.

Mtu mmoja kazi yake ni data tu. Asiwe mpiga picha, asiwe mpokea wageni. Anakuwa na simu mbili za mitandao tofauti, pawabanki iliyojaa, namba za watu wako wanne wa Kavumu, Walungu, Nyangezi na Kamembe kwenye karatasi, na daftari. Anaangalia kila dakika 30. Radi ikiingia duara la nje, kila dakika 5. Mtu wa pili ndiye mwenye neno la kusimamisha. Jina lake liandikwe na kukubaliwa mapema na mchungaji, familia, kamati au refa. Hapa ndipo mipango mingi inavunjika: data ilionekana, lakini hakuna aliyethubutu kumkatiza muhubiri au kusimamisha mechi dakika ya 80. Mkubaliane kwa maandishi kwamba alama ikifikiwa hakuna majadiliano.

Duara la nje likiguswa, shusha spika zilizopangwa juu, fungua pande za hema, ondoa watu majini na mitumbwini, na waongoze watoto kwanza. Upepo wa mbele wa dhoruba unafika dakika kadhaa kabla ya mvua, na huo ndio unaong'oa hema na kuangusha jukwaa.

Tangazo liwe fupi, limeandikwa, na lisomwe kwa Kiswahili na kwa Mashi: "Ndugu na dada, radi inakaribia. Tunasimama sasa. Walio upande wa jukwaa waende madarasa ya 1 hadi 5. Walio katikati, ya 6 hadi 10. Walio nyuma, ya 11 hadi 15. Tembeeni, msikimbie. Msisimame chini ya miti wala hema. Tutawaita." Baada ya hapo, zima gurupu, chomoa nyaya, na mwimbaji aweke chini maikrofoni ya waya.

Kurudi kuna sheria moja: dakika 30 tangu mmweko au ngurumo ya mwisho. Ikisikika nyingine, hata dhaifu, hesabu inaanza upya. Jua likitoka kabla ya dakika hizo watu watakusukuma. Usikubali, kwa maana radi inaweza kupiga kilomita 10 au zaidi nje ya mvua, chini ya anga la buluu.

Mahali salama na mahali panapodanganya

Salama ni jengo kubwa la saruji au matofali lenye nyaya za umeme na mabomba ndani ya kuta, na gari la bati lililofungwa vioo. Taksi-bisi zilizoegeshwa zihesabu kama vyumba. Pikipiki hapana, Fuso yenye shitingi hapana. Hema, payoti, kibanda cha mabati, mti, na jukwaa la watazamaji lililo wazi havizuii chochote. Watu wachache tu, kama 3 hadi 5 kwa kila 100 wanaodhurika, hupigwa moja kwa moja. Karibu nusu wanapatwa na umeme unaosambaa ardhini kutoka kitu kilichopigwa, na wengine na umeme unaoruka kutoka mti au nguzo waliyoikaribia. Ndiyo maana umati ulio chini ya hema moja unaanguka pamoja.

Kuwa ndani peke yake hakutoshi. Machi 2018 radi iliua watu 16 katika kanisa wilayani Nyaruguru, Rwanda. Novemba 2024 iliua 14 waliokusanyika kwa sala katika kambi ya Palabek, Uganda. Kanisa la matofali na mabati lisilo na njia ya kupeleka umeme ardhini si kimbilio, ingawa linakinga mvua. Kama jengo lina paratoneri (fimbo ya kukinga radi na waya wake), ifuate kwa macho kutoka juu hadi chini. Waya wa shaba unaibiwa sana karibu na ardhi, na paratoneri iliyokatwa waya inaleta radi kwenye ukuta. Omba fundi apime ukinzani wa ardhi, usipite omu 10.

Ndani, watu wakae mbali na milango, madirisha, swichi na kuta zenye nondo. Simu isiyo kwenye chaji haina shida.

Kama eneo halina jengo la kutosha, jibu la kweli ni kuwaachia watu waende nyumbani mapema zaidi, ukiweka dakika 40 au 60 kwenye hesabu yako. Kuchuchumaa uwanjani si mpango.

Aliyepigwa

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse mara moja. Imani kwamba asiguswe kwanza inapoteza dakika ambazo moyo wake ungeweza kurudishwa. Kama wameanguka wengi, anza na asiyepumua: anayelia au kusogea, kwa kawaida ataishi. Hamishia mgonjwa ndani kama radi inaendelea, kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na baada ya kila mikandamizo 30 mpe pumzi 2. Usiache mapema; moyo mara nyingi unaanza kabla ya pumzi, na asiyepewa pumzi anarudi kufa. Walioamka nao wafike hospitali, kwa ajili ya moyo, masikio na macho.

Jioni, mwenye daftari aandike safu nne: saa ya mmweko wa kwanza kwenye setilaiti, saa ya SMS ya kwanza na ilitoka wapi, saa ya ngurumo ya kwanza iliyosikika kiwanjani, na dakika halisi ambazo watu walichukua kuingia. Safu ya nne ikizidi namba uliyopanga, duara la kusimamisha linasogezwa nje kabla ya mkutano unaofuata.